Hina Iliyokataa Kukolea

Asubuhi ile niliondoka chumbani kwangu Temeke bila kujua naenda wapi. Nilikuwa kijana. Shule niliiacha darasa la sita, na tangu hapo sikuwahi kukaa kwenye kazi moja hadi bosi akazoea jina langu. Nilishachanganya zege, nilishabeba viroba vya unga, nilishapaka rangi vitanda vya chuma, na kila mahali niliondoka pale nilipoona nimeshajua yote wanayoweza kunionyesha. Siku hiyo ilikuwa zamu ya karakana ya vitanda kuachwa. Sikugombana na mtu. Niliamka, nikafunga mlango, nikatembea.

Mchana ulinikuta Manzese, nimesimama kwenye meza ya pweza. Nilikula vipande vichache kwa pilipili, kama nilivyokula miaka yote. Kabla sijavuka barabara midomo ikaanza kuwaka, viganja vikawasha, kisha koo likawa kama limefungwa kitambaa kwa ndani. Watu wakajaa. Mmoja akasema nimetupiwa kitu. Mwingine akasema nimelishwa sumu. Mama mmoja wa genge la nyanya akaleta maziwa, maana mjini hapa maziwa ni dawa ya kila mtu asiyejulikana anaumwa nini. Maziwa yakanitokea puani. Jamaa wawili wakanishika makwapani, wakaniburuta hadi zahanati iliyokuwa nyuma ya gereji.

Huko ndiko nilikokutana na Daktari Matilda. Kwa cheo alikuwa tabibu, lakini mtaani kila mwenye koti jeupe ni daktari. Hata mie baadaye niliitwa daktari nikiwa nimeshika ndoo na dekio. Alinidunga sindano pajani juu ya suruali, akanilaza, akaniinulia miguu kwenye kiti. Nilipoanza kuvuta pumzi ya kueleweka, akanizuia kuondoka mpaka jioni, maana hali ile huweza kurudi, akaanza kuniuliza. Nimekula nini, nimekunywa nini, nimemeza kidonge gani, nimeumwa na mdudu gani, nimepakwa nini. Kipi kilitangulia. Palipita muda gani. Alikuwa na lafudhi ya bara, na aliuliza polepole kama mtu anayechambua mchele.

Nilimjibu yote, kisha nikamuuliza mie. "Pweza nimemla tangu utotoni. Kwa nini leo na si jana?"

Akaniangalia. "Wenzako huniuliza nani kawaroga," akasema. "Wewe umeniuliza swali langu."

Kesho yake nilirudi anitazame. Alinikuta nasoma maandishi ya kwenye maboksi ya dawa, akanipa fagio. Hivyo ndivyo nilivyoanza kazi ambayo nimeimaliza mwaka huu. Pweza sijamla tena, na bado namtamani.

Mliponiaga, nyie mnaobaki zahanati, mlitaka niwaandikie nilichojifunza kuhusu mzio, au aleji kama tunavyosema mtaani, kwa sababu nyie mmekuta mashine na makaratasi ya vipimo, na sie tulikuwa na mdomo tu. Naandika. Ila wagonjwa nitakaowataja nimewabadilisha majina, na jambo kubwa ninalotaka kuwaeleza halina raha.

Jibu la swali langu alinipa siku nyingine, tukiwa tunachemsha vyombo. Alisema mwili hujifunza. Kuna kitu unakutana nacho mara nyingi, unakiacha kipite, na siku moja unaamua kwamba huyu ni adui. Ukishaamua, hausahau. Nilimuuliza kama mwili unaweza kubembelezwa. Akasema mara chache, na si hapa Manzese.

Kila asubuhi, kabla ya mgonjwa wa kwanza, kazi yangu ilikuwa kutazama trei ya dharura. Ilikaa kwenye rafu usawa wa kifua, isiyo na mlango, kwa sababu Daktari Matilda alisema mtu anayekosa pumzi hasubiri utafute ufunguo. Nilikuwa nachukua kichupa cha adrenalini, dawa ile ile niliyodungwa mie, nakiinua dirishani. Dawa nzima ni nyeupe kama maji. Ikianza kuwa ya waridi au kahawia, imekufa, hata kama tarehe bado. Nyie mna friji nzuri na trei mmeiweka kabatini. Itoeni.

Jambo la pili lilikuwa kupunguza aleji za uongo. Kila mtu alikuwa na aleji. Walikuwepo wa aleji ya baridi, wa aleji ya sindano, maana yake woga, na fundi mmoja aliyesema ana aleji ya asubuhi. Enzi za klorokwini ya malaria nusu ya mtaa walijiandika kuwa na mzio kwa sababu ile dawa iliwawasha mwili mzima, na hiyo haikuwa aleji, ilikuwa tabia ya dawa yenyewe. Daktari hakuwacheka. Alisema ukimwandikia mtu mzio asionao, siku akiihitaji hiyo dawa utamnyima. Lakini aliyesema dawa ya salfa ilimtoa malengelenge mdomoni, huyo alimkalisha chini, akamfundisha kulitamka jina la dawa hadi alijue kama jina la mama yake.

Na mengi hayakutibika kwa dawa. Ilikuwepo familia moja ya Waarabu wenye duka la vyombo, watu wa siku nyingi mjini, mjukuu wao alibanwa kifua kila wiki. Daktari aliuliza mpaka akafika kwenye udi. Bibi wa mtoto alikuwa anafukiza nyumba kila mtoto akiumwa, ili shari itoke. Mtoto alizidi kubanwa, bibi naye akazidisha udi. Tulimwomba aache. Aliacha, mtoto akapona, na yule bibi hakutusalimia tena mpaka alipofariki. Ndivyo kazi hii ilivyo. Unamwambia mtu kwamba kinachomuumiza ni kile anachokipenda, halafu unategemea akushukuru.

Bi Tatu alikuja miaka kadhaa baada ya mie kuanza. Alikuwa mpambaji wa maharusi, Mzaramo wa hapahapa, na kuanzia Manzese mpaka Magomeni harusi ya maana haikufanywa bila mkono wake. Hina alichora, lakini sifa yake ilikuwa piko, ule weusi unaong'aa unaochorwa katikati ya maua ya hina. Alikuja na binti yake Nuru, msichana wa shule ya msingi bado, ambaye ndiye aliyembebea pochi, kwa sababu mama mtu hakuweza kukunja vidole. Ngozi ya mikono ilikuwa imepasuka kama tope lililokaukia juani, na katikati ya nyufa palivuja maji.

Daktari alimuuliza maswali yale yale kwa upole ule ule. Bi Tatu alishapaka mafuta ya kila duka la dawa, alishapelekwa kwa mganga aliyesema ni husuda ya wapambaji wenzake. Hilo la husuda alilisema kwa fahari kidogo. Ilipofika zamu ya piko, akaeleza inavyotengenezwa: unga wa rangi ya nywele unakorogwa na maji, basi. Daktari akamwambia ndiyo hiyo. Unga ule una kemikali ambayo mwili ukiichukia umeichukia.

"Nimeshika piko tangu sijavunja ungo, daktari," Bi Tatu akasema. "Ingenichukia siku zote hizo?"

"Mwili umeamua sasa."

"Nivae glavu?"

"Hiyo rangi inapita kwenye glavu za mpira. Itakusubiri humo ndani na jasho."

Bi Tatu akaitazama mikono yake. "Mie nikiacha piko nitakuwa nani?" akauliza. Hakuwa anatafuta huruma. Aliuliza kama mtu anayeuliza njia.

Macho ya Daktari yalikuwa yameshuka kwa Nuru. Mgongoni mwa kiganja cha yule mtoto kulikuwa na ua la piko la sikukuu ya Idi iliyopita. Rangi ilishatoka, lakini ua lilikuwa bado lipo, limevimba juu ya ngozi, petali kwa petali, na Nuru alikuwa analikuna bila kujua. Daktari akalipitishia kidole. Akamwambia Bi Tatu kwamba ugonjwa wake umeanza kwa binti, na kwa binti utakuja na nguvu zaidi. Kuanzia leo Nuru asiguswe na piko, asipakwe rangi nyeusi ya nywele hata akiwa bibi mwenye mvi. Hina ya majani, ya kuchuma na kutwanga mwenyewe, ruksa.

"Na harusi yake je?"

"Harusi yake utampaka hina ya majani."

Bi Tatu akaapa palepale. Na niwaambie ukweli, kiapo hicho hakukivunja.

Yeye mwenyewe ilimchukua muda mrefu kuacha. Alivaa glavu, akavua, akavaa mbili, akarudi kwetu mikono imeoza. Alipoacha kweli, vidole vilishakuwa vigumu, hata msuko wa nywele haviwezi. Wateja walimwambia pole, kisha wakaenda kwa Shani, mwanafunzi wake. Shani alikuwa binti mwenye adabu. Kila Ijumaa alikuja kumsalimia mwalimu wake, na kwenye kila harusi aliyoalikwa alisema mkono huu ni wa Bi Tatu, mie nimeazimwa tu. Bi Tatu akawa anauza ubuyu mlangoni kwake. Nilikuwaga napita kununua. Uani kwake alikuwa na mti wa mhina, na siku zote aliumwagilia, nami nilijua anautunzia nini.

Nuru alikua, akaposwa na kijana wa watu wenye maduka huko Kinondoni, watu wazito kwa desturi. Wiki ya harusi Bi Tatu alichuma majani yeye mwenyewe, akayaanika, akayatwanga kwa ile mikono. Shani ndiye aliyechora. Tulialikwa, mie na Daktari Matilda, tukala biriani, bibi harusi tukamwona kwa mbali tu, na tuliporudi Daktari alikuwa na furaha ambayo sikumzoea nayo. Alisema katika kazi yetu ni nadra kuona jambo likifika mwisho salama.

Nuru aliletwa zahanati akiwa bado kwenye fungate. Mumewe ndiye aliyemleta, amemfunika na mtandio. Tulipoutoa, mikono yote miwili kuanzia vidoleni mpaka juu ya viwiko ilikuwa malengelenge, na malengelenge yale yalifuata michoro. Ungeweza kuhesabu majani na vikonyo. Kope zilivimba hadi macho yakafunga, kwa sababu aliyafikicha. Baadhi ya malengelenge yalishapasuka na kuingia usaha, na alikuwa na homa. Kilichomtisha Daktari kilikuwa homa hiyo. Ngozi iliyo wazi kiasi kile ni mlango, na kilichoshaingia kinaweza kwenda kwenye damu.

Mumewe alitolewa nje. Mie nilibaki kwa sababu ndimi niliyeshika beseni. Nilikuwa namwosha kwa maji yaliyochemshwa na chumvi, yamepozwa, kwa pamba, polepole. Daktari akauliza mara moja tu.

"Nuru. Hii siyo hina ya majani."

Akakiri. Kisha akaeleza, na sauti yake haikupanda hata kidogo. Hina ya mama yake ilikataa kukolea. Ilitoka rangi ya chungwa, hafifu. Shangazi wa bwana harusi alikuja kukagua na wenzake, akainua mkono wake juu wauone wote, akauliza, "Huyu mmempaka hina au mmemwosha kwa chai?" Wakacheka. Akaongeza, "Na fundi eti ndiye mama mtu." Bi Tatu alikuwepo. Aliinuka akasema anaenda kusali. Wale wageni wakaenda ukumbini kunywa kahawa.

"Mama yangu watu walikuwa wanampangia foleni, anko Athumani," Nuru akasema, akinigeukia mie na yale macho yaliyofunga. "Unajua wewe."

Nikamwambia najua.

"Basi nikamwambia Shani atie ule unga wa piko, arudie juu ya michoro. Shani alikataa, alilia. Nikamwambia asipotia nitatia mwenyewe. Nilijua nitaumwa. Nilidhani nitaumwa kama utotoni, kuwashwa siku mbili tatu."

Daktari aliweka kalamu chini. Akamuuliza kama mama yake anajua. Nuru akasema hajui, na asiambiwe. Akijua kwamba alifanya kwa ajili yake, hatabaki mzima. Daktari akamwambia mwambie mwenyewe, ukipona, usiache ikakaa. Lakini pia alimwahidi, kwa sababu kanuni yake ilikuwa moja, nanyi mnaijua: linalosemwa chumbani linabaki chumbani.

Tulimwanzishia dawa, na palepale tukatafuta gari la kumpeleka hospitali kubwa. Alilazwa muda mrefu. Kuna siku tulitumiwa ujumbe kwamba hali imekuwa mbaya, na Daktari Matilda alishinda na wagonjwa huku akijibu watu nusu nusu. Nuru hakufa. Alitoka, na mikono ikapona. Lakini ngozi ilipopona ilirudi nyeupe kwenye kila mchoro, na ikabaki nyeupe. Maua yale anayo mpaka leo. Anaishi Goba na mumewe, ana watoto, na huvaa mikono mirefu hata Februari.

Mlangoni kwetu, siku ile tulipompakia garini, Bi Tatu alifika akihema. Hakulia. Alisema, bila kumwelekea mtu, "Nimemuunguza mwanangu kwa mikono yangu." Gari likaondoka. Daktari alimtumia salamu mara kadhaa aje azungumze naye. Hakuja. Nilipopita mlangoni kwake meza ya ubuyu haikuwepo, na nikasikia amehamia Kibamba, kwenye nyumba aliyoachiwa na kaka yake. Alipomtembelea Nuru, watu walisema, mama na binti walikaa kama wageni wa nyumba mbili tofauti, kila mmoja akimwonea haya mwenzake.

Daktari Matilda alifariki, nanyi mlikuwepo mazikoni. Zahanati ikapata mwenyewe mpya na vigae vipya. Nami mwaka huu mkanikatia keki, mkanipa saa ya ukutani, wakati nyumba niliyopanga ilishauzwa na sikuwa na ukuta. Sisemi kwa kuwalaumu. Saa ni nzuri.

Asubuhi iliyofuata niliiweka kwenye begi pamoja na nguo, nikafunga mlango, nikatoka. Sikuwa na mpango. Nilipanda mwendokasi mpaka ulipoishia, nikapanda gari jingine, na kila kituo niliangalia kama pana sababu ya kushuka. Sikuiona. Nilipofika Kibamba nikakumbuka nani anaishi huko, au labda nilikumbuka tangu Manzese nikajificha. Nikaulizia nyumba ya Bi Tatu mpambaji. Hakuna aliyemjua mpambaji. Walimjua Bi Tatu mwenye vyumba vya kupangisha.

"Shikamoo, Bi Tatu."

"Marahaba." Akanitazama kwa muda. "Athumani wa zahanati. Umezeeka, baba."

Nikamweleza natafuta chumba. Akasema kipo cha nyuma. Alinipa kigoda nikae, akaleta maji kwa kukikumbatia kikombe kwa viganja vyote viwili, kwa vile vidole. Uani palikuwa na kisiki cha mhina, cha zamani, kimekatwa chini kabisa. Yaelekea alikuja na mche kutoka Manzese, akaupanda, kisha akaukata. Aliniona nakitazama.

"Ulimwosha mikono wewe," akasema. "Niambie nilikosea wapi. Niliyachuma mwenyewe asubuhi. Nikayaanika kivulini, siyo juani. Kinu kilikuwa kipya, hakijatwangwa pilipili. Nimeyarudia yote, Athumani, kila siku nayarudia, sioni."

Daktari Matilda hayupo. Nuru yupo, na neno lake ni lake. Nilifikiri sana kabla ya kufungua mdomo, nikaona lipo jambo moja ambalo siyo siri ya mtu, ni kazi tu, ambalo ningemwambia yeyote aliyekaa kwenye benchi letu.

"Majani matupu hayaunguzi vile, Bi Tatu. Miaka yangu yote sijaona."

Alivifuta viganja kwenye kanga. Jirani alikuwa anafua, tukasikia maji yakimwagwa.

"Shani hawezi kutia kitu bila kuambiwa," akasema hatimaye. "Nilimfundisha mie."

Nikanywa maji.

"Na shangazi mtu alikuwa ukumbini. Chumbani walibaki Shani na Nuru." Akayaangalia magoti yake. "Nimepamba miaka yote ile, baba. Hina ya majani haiwi nyeusi kwa muda wa sala moja. Nilitoka kusali nikaikuta imekolea, inang'aa." Akavuta pumzi. "Nikafurahi. Nilimwita yule shangazi aje aone."

Bi Tatu aliinuka kwa kushika ukuta, akaingia ndani, akatoka na ufunguo.

"Chumba ni kile pale. Mlango unasumbua, uvute kwanza kwako ndipo uzungushe. Msumari wa kutundikia kitu upo."

Nikauvuta, nikazungusha.